Mkerwa Rasmi wa Kisima Kikavu

Nchi yenyewe sitaitaja. Ina bendera, ina mashimo barabarani, na ina wizara nyingi kuliko visima. Ukiitambua, nyamaza kama tulivyonyamaza sisi. Ukishindwa kuitambua, hongera, unaishi kwingine.

Katika nchi hiyo kuna watu wa kila namna. Wapo wa msikitini, wapo wa kanisani Jumapili, wapo wa kanisani Jumamosi, wapo Wahindi wenye maduka ya mabati na hekalu lao dogo lenye kengele, wapo wa mizimu ambao pia ni wa Jumapili, na wapo wasio wa popote, ila mama zao hawajaambiwa. Krismasi ikikaribia, kila mmoja alikuwa na maoni yake kuhusu sikukuu na nyimbo zake, na maoni hayo yalijulikana, kwa sababu watu wa kwetu kunong'ona hawajui.

Chukua mtaa wetu wa Kisima Kikavu. Mama mkwe wangu ni Msabato. Kila Desemba hutukumbusha kwamba tarehe hiyo haimo katika Biblia, kisha hukaa mkekani na kula kuliko wale wanaoamini imo. Lazaro, fundi redio, ni mbatizwa na ndiye anayesoma masomo kanisani, lakini nyimbo za Krismasi anazichukia kama mchwa. Zinaanza kupigwa Oktoba, na kila redio anayoitengeneza ikishapona humwamkia kwa wimbo ule ule. "Namfufua maiti," husema, "akiinuka ananitukana!"

Na yupo Mzee Kibwana, muadhini wa msikiti wetu. Yeye Krismasi haimhusu kwa imani, lakini bila yeye Krismasi ya Kisima Kikavu haianzi. Alfajiri ya sikukuu, akishaadhini na kuswali, hupita nyumba za Wakristo moja moja, kisu kimefungwa kwenye kitambaa cheupe, akachinja kila mbuzi na kila kuku, ili chungu kikiiva mtaa mzima uweze kula. Hakuna aliyetunga sheria hiyo. Tuliikuta. Mbuzi ambaye jirani hawezi kumla, kwetu huyo hajachinjwa. Ameuawa tu.

Basi tuliishi hivyo, tukikaripiana madirishani. "Punguza redio wewe!" "Nunua pamba uzibe masikio!" Jioni mnagawana chumvi. Hatukujua kama tulikuwa nyuma kimaendeleo.

*

Aliyetuonyesha kwamba tuko nyuma ni Mheshimiwa Waziri. Alikwenda kwenye kongamano katika nchi moja ya theluji, akakaa hotelini wiki mbili, na aliporudi aliitisha mkutano wa hadhara uwanjani. Tulipelekwa na malori.

"Ndugu wananchi," alianza, "nimerudi na aibu."

Tukainamisha vichwa. Hatukujua ni aibu gani, lakini ya kiongozi huwa inagawiwa wote.

"Wenzetu wana mgogoro wa Krismasi. Nimeuona kwa macho yangu! Wanagombana redioni, wanagombana madukani, wanaandikiana magazetini. Wapo wanaotaka nyimbo, wapo wasiozitaka, wapo wanaozitaka lakini zisitaje kitu. Ni mgogoro uliokomaa, wenye wataalamu wake na semina zake. Sisi je? Watu wa dini zote hizi, miaka yote hii ya uhuru, hata mgogoro mmoja hatuna! Wageni wakija tutawaonyesha nini?"

Tulipiga makofi kwa nguvu, maana malori ya kuturudisha yalikuwa hayaondoki kabla ya makofi.

Waziri akaeleza, kwa upole wa mtu anayefundisha mtoto kufunga kamba za viatu, kwamba maelewano hayaji bila kutoelewana kwanza. Daktari hapewi hospitali pasipo na wagonjwa. Kwa hiyo serikali imeunda Wizara ya Maelewano, yeye akiwa Waziri wake, na wizara hiyo imekwisha kutunga Sheria ya Ulinzi wa Wanaokerwa.

Sheria ilikuwa rahisi. Kila mtaa utateuliwa Mkerwa Rasmi. Atapewa kiti, mshipi wa kuvaa begani, na filimbi. Kwaya yoyote ikifanya mazoezi, Mkerwa atakaa mbele yake. Wimbo ukimkera atapuliza, kwaya itanyamaza papo hapo, na wimbo huo hautaimbwa tena mtaani mwaka huo. Kwaya itakayoendelea baada ya filimbi itaendelea ikiwa mahabusu.

"Hakuna raia wa nchi hii," Waziri alimaliza, "atakayekerwa bila kibali, wala atakayekosa haki yake ya kukerwa!"

Malori yakawashwa.

*

Afisa Maelewano wa kata yetu alikuwa kijana aitwaye Festo, mwenye suti ya bluu, viatu vya ncha, na uso wa mtu ambaye mama yake hakuwahi kumkatalia kitu. Alifika Kisima Kikavu mwanzoni mwa Novemba, akatukusanya mbele ya kibanda cha Lazaro.

"Nani hapa anakerwa na nyimbo za Krismasi?"

"Mimi!" Lazaro alidakia, bisibisi mkononi. "Mimi, bwana! Andika. Zinanikera asubuhi, mchana na jioni. Tangu ujana wangu nasubiri mtu wa kuniuliza."

"Jina?"

"Lazaro."

Afisa Festo akashusha kalamu. "Hilo ni jina la Kikristo."

"Ndiyo."

"Basi hukerwi."

"Nakerwa, bwana! Nikerwe vipi zaidi ya hapa?"

"Mzee wangu, kwa mujibu wa utaratibu, Mkristo anafurahi. Kama hufurahi, hilo ni tatizo la kanisa lako. Kamwone padri."

Nimemfahamu Lazaro miaka mingi. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona akirudi kibandani kabla ugomvi haujaisha.

Afisa akapitisha macho juu ya vichwa vyetu mpaka akakuta kofia nyeupe. Uso ukamng'aa. "Mzee wa kofia! Wewe unakerwa."

"Na nini, mwanangu?" Mzee Kibwana aliuliza.

"Na kwaya."

"Hii yetu? Hapana. Sauti ya pili huwa wanachelewa kidogo, lakini wanajitahidi."

Mimi naimba sauti ya pili.

"Mzee, usiogope," Festo alisema. "Serikali iko nyuma yako."

Mzee Kibwana akageuka kutazama nyuma. "Hapo ndipo uoga unaponianza."

"Umenyamaza miaka mingi, mzee wangu. Sasa ni zamu yako kusikika."

"Mimi ni muadhini, mwanangu. Kunyamaza haijawahi kuwa kazi yangu."

Mtaa mzima ukaangua kicheko. Bi Mwantumu, mkewe, akapaza sauti kutoka kwenye beseni lake la maandazi: "Mwandikeni tu! Apate hicho kiti. Chetu kimevunjika mguu tangu Ramadhani!"

Na hivyo ndivyo alivyoteuliwa, kwa kauli moja ya mkewe. Wiki iliyofuata wakamletea kiti chenye mikono, filimbi ya refa, na mshipi wa kijani ulioandikwa kwa herufi za njano MKERWA RASMI. Alipovaa, mama mkwe wangu alisema anafanana na zawadi.

*

Mzee Kibwana alikuwa mtumishi mwaminifu. Kila tulipofanya mazoezi kwenye darasa la shule ya msingi, alikuwepo kabla yetu, mshipi begani, filimbi kifuani. Tulikuwa tunaandaa wimbo wetu wa mtaa, aliotutungia marehemu mwalimu mmoja wa hapo hapo, ambao tumekuwa tukiuimba kila mwaka:

*Amkeni majirani, kuna kilio cha mtoto,*
*Mama yake ni mgeni, leteni kanga na moto.*

Kwenye kiitikio Mzee Kibwana alikuwa akitikisa mguu. Kwenye ubeti wa tatu, ambao ni mrefu, alikuwa akisinzia. Kupuliza hakupuliza.

Afisa Festo akaja kumfundisha.

"Kunja uso, mzee."

Mzee akakunja.

"Hapana, huo ni wa mtu anayetafuta miwani. Fikiria jambo linalokuudhi."

Mzee akafumba macho, akafikiri, na uso ukabadilika kabisa, ukawa mkali kama pilipili kichaa.

"Vizuri sana! Umefikiria nini?"

"Wewe kuja kila siku saa ya chakula."

Mitaa mingine ilikuwa inafanya vizuri, tulisoma magazetini. Bondeni, Mkerwa wao alipuliza mpaka mashavu yakavimba, akapandishwa cheo kuwa Mkerwa wa Wilaya. Mtaa wa Reli, Mkerwa alikuwa mwenye duka la mabati. Alipuliza mara moja tu kumwita bodaboda, na kwaya ya watu arobaini ikavunjwa. Ni sisi tu wa Kisima Kikavu tuliokuwa tukiripoti kero sifuri, wiki baada ya wiki, mpaka Wizara ikaingiwa na wasiwasi. Waziri alitamka redioni kwamba upo mtaa mmoja unaoficha kero kwa makusudi ili kuiaibisha nchi.

Wakati huo huo Wizara ikasambaza wimbo wake, wa kuimbwa na kwaya zote mahali pa nyimbo zitakazonyamazishwa. Uliandikwa na kamati. Nautoa wote, maana si mrefu:

*Msimu fulani umefika,*
*Wahusika wafurahi.*
*Wasiohusika wasihusike,*
*Kwa kuzingatia utaratibu.*

Tulipoujaribu, mwalimu wetu wa kwaya aliomba ruhusa akatoka nje, na hakurudi siku hiyo.

Kisha wakaja kumchukua Mzee Kibwana. Ilikuwa saa nne asubuhi, anamwagilia mchicha. Askari walisoma kosa lake pale pale uani: Uzembe wa Kutokerwa Akiwa Kazini. Aliomba anawe miguu. Walimruhusu, sina budi kusema ukweli wao, kisha wakachukua na kisu chake, ati kielelezo.

*

Sharti la kumwachia lilikuwa moja. Mkesha wa Krismasi, mchana, Waziri mwenyewe atakuja Kisima Kikavu na televisheni kuonyesha taifa namna wanaokerwa wanavyolindwa. Tutaimba wimbo wetu. Mzee Kibwana atapuliza. Tutanyamaza, tutaimba wa Wizara, watu watapiga makofi, na Mzee atakwenda nyumbani. Asipopuliza, anabaki ndani, na kesi yake itasikilizwa siku ambayo haikutajwa.

Nilikwenda kituoni na Bi Mwantumu kumpelekea chakula. Sajini Chilumba, mkuu wa kituo, alituruhusu kuongea naye kwenye benchi la kaunta. Mzee alikuwa amekonda mashavu.

"Puliza, baba," Bi Mwantumu alimwambia. "Pumzi moja tu. Msikiti wamemwachia Athumani, anaadhini kama anafukuza kuku. Watu wanaswali huku wanacheka."

"Nikipuliza nitakuwa nimesema nini?"

"Umesema pii. Filimbi haina maneno."

"Nimesema majirani zangu wananikera. Mbele ya Mungu na televisheni."

"Kwani hawakukeri? Lazaro hakukeri?"

"Lazaro ananikera mwaka mzima. Siwezi kumpa Desemba peke yake."

Nikaingilia. Mimi ni mtu wa kutafuta njia. "Basi mzee, subiri tuimbe ule wa Wizara, hapo ndipo upulize. Ule unamkera kila mtu."

"Nimeshauliza, Mama Sifaeli. Kuna kifungu. Wimbo wa Wizara haukeri."

Bi Mwantumu akaanza kufunga vyombo kwa hasira, vifuniko vikigongana. Mzee akasogea kwangu, akateremsha sauti.

"Wewe niambie. Nikiwanyamazisha mchana, alfajiri yake nitaingiaje uani kwako na kisu?"

"Utaingia kama siku zote. Mbuzi nitakupa."

"Najua utanipa. Lakini utanitazama."

Nikainama, nikamsaidia Bi Mwantumu kufunga vyombo.

*

Mkesha ukafika. Uwanja wa shule ulifungwa mahema, Waziri akapewa jukwaa, televisheni ikafunga mitambo yake. Mzee Kibwana aliletwa na gari la polisi, mshipi umefuliwa na kupigwa pasi kwa gharama za serikali, akakalishwa kwenye kiti chake mbele yetu. Afisa Festo alisimama pembeni yake, amekunja uso ule aliotaka mzee aukunje.

Tukaimba. Tuliimba wimbo mzima, na ubeti wa tatu wote. Filimbi kimya.

Ikatangazwa kwamba kutokana na sababu za kiufundi kwaya itarudia. Tukarudia. Kimya. Mara ya tatu Festo alikuwa ameinama anamsukumia mzee filimbi mdomoni, na mzee anageuza uso kama mtoto anayelishwa dawa.

Waziri akateremka jukwaani mwenyewe. Kamera zikamfuata.

"Mzee, una matatizo ya mapafu?"

"Sina, Mheshimiwa."

"Basi tatizo lako ni nini?"

"Tatizo sina. Ndiyo kesi yangu."

Watu wakaguna. Mzee Kibwana akainuka. "Lakini Mheshimiwa, umesimama juani, na mimi nimekaa. Si adabu. Karibu kiti."

Sasa, mtu aliyekuwa waziri kwa muda mrefu kama yule hajawahi kukataa kiti cha mbele. Mwili wenyewe unajua. Akakaa. Mzee akavua mshipi na kumwinulia, na Waziri, ambaye katika kila ziara huvishwa mashada, akainamisha shingo. Ukamkaa vizuri. Kisha mzee akamwekea filimbi kiganjani na kukifumba kwa mikono miwili, kama tunavyompa mgeni zawadi.

"Nimetafuta mtaa mzima mtu anayekerwa na majirani zangu kuimba," alisema, kwa sauti ile ambayo haihitaji kipaza sauti. "Nimekupata wewe tu. Kazi njema."

Waziri akajitazama kifuani, akasoma. Akatazama kamera. Kisha, kwa hasira, akapuliza.

Ilikuwa filimbi ndefu, na sheria ilikuwa sheria, haikusema Mkerwa awe nani. Mikono ya mwalimu wetu ikashuka. Tukanyamaza sote, na mimi nikiwemo, maana nina watoto wa kupikia. Uwanja ukawa kimya, kamba za mahema tu zikilia. Waziri akatabasamu, akafikiri amepata alichofuata.

Ndipo sauti moja ikatoka nyuma, mbaya, imepasuka, haiko katika ufunguo wowote unaojulikana.

*Amkeni majirani…*

Ilikuwa ya Lazaro.

Waziri akapuliza. Lazaro akapandisha.

"Wewe!" Afisa Festo alimkimbilia. "Si ulisema unauchukia wimbo huu?"

"Nauchukia mpaka leo!" Lazaro alifoka. "Lakini chuki ni yangu! Nimeilea mwenyewe! Hamtanipora mkaifungulie wizara!" Akavuta pumzi, akaendelea, *kuna kilio cha mtoto*, akitoa kila neno kama anang'olewa jino.

Bi Mwantumu akapiga kigelegele kilichofika barabara kuu. Mama mkwe wangu, ambaye tarehe ile haimo katika Biblia yake, akafungua mdomo na kuimba sauti ya kwanza. Mwenye duka la mabati kutoka Mtaa wa Reli, aliyekuja kuangalia tu, akawa anapiga makofi. Sauti ya pili tukaingia, na siku ile hatukuchelewa. Kwaya zilizovunjwa, ambazo zililetwa kushangilia, zikainuka mahemani na kuingia kwenye kiitikio. *Leteni kanga na moto!* Waziri alipuliza mpaka macho yakamtoka, lakini ile filimbi ilikuwa mbu kwenye harusi.

Aliondoka na msafara wake, mshipi bado begani. Nchi nzima ilimwona akijaribu kuuvua garini, umenasa kwenye mkanda wa kiti.

Lakini Mzee Kibwana alirudishwa ndani. Hakuwa amepuliza.

*

Asubuhi ya Krismasi mbuzi wetu alikuwa amefungwa kwenye mpera, na mtu wa kumchinja hayupo. Afisa Festo alipita na gari la matangazo akitoa ushauri wa Wizara: Wakristo wachinje wenyewe, wapike vyungu vyao, Waislamu wapike vyao, maelewano yadumu.

Mume wangu akatoka na kisu cha jikoni. "Tuchinje wenyewe, mama. Jua linapanda."

"Halafu nani ale?"

"Sisi."

"Sisi tu? Mfungue huyo mbuzi."

Nikashika kamba, nikatoka naye barabarani kuelekea kituo cha polisi. Sikumwita mtu. Lakini Kisima Kikavu ukipita na mbuzi siku ya Krismasi lazima uulizwe unakwenda wapi, na nilijibu kila aliyeuliza. Nilipofika kwenye kona ya msikiti nyuma yangu kulikuwa na mbuzi wengine, kuku miguuni wamefungwa, masufuria vichwani, magunia ya mkaa, mchele, watu wa kofia na watu wa rozari, na kwaya nzima ikiwa na sare zake.

Sajini Chilumba alitoka mlangoni akifunga vifungo vya shati.

"Mama Sifaeli, huyu mbuzi anatafuta nini hapa?"

"Ana shida na mahabusu wako."

"Mahabusu haruhusiwi kutoka."

"Hatoki. Ndiyo maana tumekuja."

Sajini alifikiri. Niliona anapekua kichwani vifungu vyote vya sheria, na hakuna hata kimoja kilichozungumzia mbuzi. Akatutengea ua wa nyuma. Mzee Kibwana akaletwa, akapewa kisu chake kutoka chumba cha vielelezo, akaelekea kibla, askari wa zamu wakashika miguu ya mbuzi, na kazi ikaanza. Alipomfikia wangu aliniangalia. Nikamwangalia. Hakukuwa na kitu pale zaidi ya mbuzi.

Saa sita pilau ilikuwa imeiva na harufu imefika kwa mahabusu wengine, nao wakaletewa. Kwaya ikaimba. Lazaro alikaa mbali, vidole masikioni. "Mnaanza tena! Jana mlinitoa kafara, leo mnanimalizia!" Lakini ili ale ilimbidi atoe vidole, kwa hiyo alisikia wimbo wote. Adhuhuri Mzee akapanda ngazi za kituo na kuadhini, na sisi tukanyamaza bila kupulizwa na mtu, kama tulivyozoea.

Sajini Chilumba alikuwa akitembea huku na huko. Hatimaye akaenda kaunta kumpigia Waziri simu nyumbani apate maelekezo. Nilikuwa nimesimama pale na sahani yake. Simu ilipopokelewa, muziki ulitoka humo kwa nguvu mpaka akaisogeza mbali na sikio: nyimbo za Krismasi, ngoma, vifijo, na mtu anaita, "Ongeza sauti, Mheshimiwa anataka kucheza!" Sajini alisikiliza kidogo. Akakata simu.

Akapokea sahani. Akala vijiko kadhaa akiwa amesimama.

"Mama, hii shughuli inaisha lini? Mimi nina kituo cha kuendesha."

"Akitoka yeye."

"Na asipotoka?"

"Kesho tunapasha viporo. Keshokutwa Bi Mwantumu ana hitima ya mama yake, ameshaagiza mchele mwingine uletwe hapa. Halafu Mwaka Mpya. Na kwaya ina nyimbo za Pasaka pia, mwalimu anasema ni vizuri kuanza mapema."

Sajini alitazama uani. Kulikuwa na mafiga manne, kamba ya kuanikia imefungwa kutoka nguzo ya bendera, na mama mkwe wangu alikuwa amelala usingizi kwenye benchi la watuhumiwa. Akaweka sahani chini, akachukua kalamu, akafuta jina kwenye ubao wa mahabusu.

"Mzee Kibwana!" aliita. "Nenda nyumbani. Na mtaa wako wote uondoke nao."

Mzee hakuinuka. Alikuwa na kipande cha paja mkononi.

"Subiri," alisema. "Nakula."